Bomba la poliethilini linapopasuka bila kuvimba

Bomba jeusi la poliethilini, lile lenye mstari wa buluu, hubeba maji miaka na miaka, kisha likatoa ufa mwembamba unaofuata urefu wake. Mafundi wengi hulaumu presha. Lakini presha ikizidi, bomba huvimba kwanza ndipo lipasuke, na kingo za mpasuko huwa zimevutika na kusinyaa. Ufa usio na uvimbe ni maradhi mengine. Umekuwa ukikua polepole, pengine tangu siku mtaro ulipofukiwa.

Kinachoukuza ni mkazo mdogo usiokoma. Poliethilini ina vipande vigumu vya fuwele vilivyofungamanishwa na molekuli ndefu. Mkazo ukikaa mahali pamoja, molekuli hizo huchomoka taratibu. Mbele ya ncha ya ufa hubaki nyuzinyuzi zilizovutwa, zenye vitundu katikati. Zikikatika, ufa husogea kidogo, hutulia, kisha huanza tena. Joto huharakisha kazi hiyo, na sabuni vilevile. Kipimo cha ISO 13479 hutumia joto hilo kwa makusudi: ukuta huchanjwa asilimia 20 ya unene wake, bomba hutiwa presha ndani ya maji ya nyuzi joto 80, kisha saa zinahesabiwa.

Adui mkubwa mtaroni ni jiwe. Likisukuma bomba kwa nje, upande wa ndani wa ukuta ndio unaovutika, kwa hiyo ufa huanzia ndani, mkabala na jiwe, ukaja nje. Ukilikagua bomba kwa nje huoni kitu mpaka maji yatoke. Ndiyo maana kuweka kiraka juu ya tundu na kulirudisha bomba juu ya jiwe lilelile ni kazi bure. Kata kipande chote, tazama ukuta wa ndani kwenye kila mkato, na endelea kukata mpaka ukutane na plastiki nzima. Jiwe litoke.

Tandika mchanga au udongo laini usio na kokoto, angalau milimita 100 chini ya bomba, ujaze pia ubavuni na juu yake kabla ya kurudisha udongo wa mtaro. Usiliburute bomba juu ya mawe. Mkwaruzo unaozidi asilimia 10 ya unene wa ukuta haukubaliki: bomba la kipenyo cha nje cha milimita 110 la SDR 11 (yaani kipenyo hicho ni mara 11 ya unene wa ukuta) lina ukuta wa milimita 10, kwa hiyo mkwaruzo wa zaidi ya milimita moja unatosha kukifanya kipande hicho kikatwe.

Viungo navyo viangaliwe sana. Oktoba 1994, mjini Waterloo, Iowa, Marekani, bomba la gesi la plastiki lilipasuka kwa namna hii karibu na lilipoungana na bomba la chuma, na mlipuko ukaua watu 6. Udongo chini ya kiungo ukititia, plastiki hupindwa pale pale kwenye mdomo wa chuma. Shindilia chini ya kiungo kabla ya kufukia, na usianzishe kona hapo.

Unaponunua, fahamu kwamba namba 100 katika PE100, daraja la poliethilini linaloandikwa kwenye bomba, inaeleza nguvu ya megapaskali 10 kwa miaka 50 katika nyuzi joto 20. Uvumilivu dhidi ya ufa wa polepole ni sifa nyingine. Kwa ardhi yenye mawe tafuta PE100-RC, iliyotengenezwa mahususi kuzuia ufa huo.