Pete ya Jiwe Moja kwa Mkono Unaovaa Glavu

Mpenzi wangu ni muuguzi katika hospitali moja hapa Kisumu, na katika zamu moja huvaa na kuvua glavu mara nyingi kuliko mimi ninavyoshika simu yangu. Jambo hilo sikulifikiria hata kidogo nilipoanza kuweka akiba ya pete ya uchumba, nalo ndilo lililokuja kuamua karibu kila kitu. Kichwani nilikuwa na picha moja tu: pete ya almasi ya jiwe moja, kito kimeinuliwa juu ya kidole kwa kucha sita nyembamba za kulishikilia, mtindo ambao duka la vito la Tiffany la New York liliutoa mwaka wa 1886 ili mwanga uingie katika jiwe kutoka kila upande. Ni pete nzuri, sikatai. Lakini dada yake mdogo, mtu wa pekee niliyemfichulia siri, aliitazama picha ile kwenye simu yangu akaniuliza, "Shemeji, hiyo itachana glavu ngapi kwa siku?" Sikuwa na jibu.

Shemeji huyo ndiye aliyenisaidia kupata kipimo pia. Alinipenyezea pete ya fedha ambayo dada yake huivaa Jumapili kwenye kidole hicho hicho cha pete ya uchumba, sonara akaipima ndani, tukairudisha kabla ya ibada iliyofuata. Sonara alinionya kwamba katika joto la jiji letu vidole huvimba mchana, kwa hiyo pete inayoteleza vizuri asubuhi yaweza kubana saa nane.

Katika duka hilohilo nilijifunza kwanza kwamba neno karati lina kazi mbili, na kuzichanganya ni rahisi. Karati ya dhahabu hueleza usafi: dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu kati ya 24, yaani asilimia 75, na iliyobaki ni madini mengine ya kuipa ugumu. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2 kamili. Nilikuwa nimeshikilia kwamba lazima jiwe liwe la karati moja, mpaka sonara alipochukua mawe mawili ya duara na kuyaweka kwenye karatasi nyeupe. La karati moja likikatwa vizuri huwa na kipenyo cha karibu milimita 6.5, na la nusu karati karibu milimita 5.1. Uzito umepungua nusu, lakini jicho halioni nusu. Mfuko ndio huiona, kwa sababu bei ya almasi haipandi sambamba na uzito. Huruka, hasa jiwe linapofikia namba kamili ambayo wanunuzi kama mimi huja wameikariri.

Kilichonishangaza zaidi ni kazi ya mkataji. Almasi ya duara ya kawaida huwa na nyuso 57 au 58, na pembe za nyuso hizo ndizo zinazoamua kama mwanga ulioingia kwa juu utarudi kwa juu. Jiwe likiwa na kina kupita kiasi, au likiwa bapa mno, mwanga huvujia chini na katikati hubaki giza kama kisima. Marcel Tolkowsky, mhandisi wa ukoo wa wakataji almasi, alizipigia pembe hizo hesabu mwaka wa 1919, na wakataji wa leo bado wanazunguka karibu na hesabu zake. Basi niliamua kwamba kama kuna mahali pa kubana matumizi, pasiwe hapo. Rangi ningeweza kuilegezea kamba: GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, hupanga rangi ya almasi kutoka herufi D, isiyo na rangi kabisa, hadi Z, na dalili ndogo ya umanjano haionekani jiwe likishikwa na dhahabu ya njano. Madoa ya ndani nayo, ikiwa hayaonekani bila lenzi ya kukuza mara 10, hayanihusu.

Lazima niseme kwamba kabla ya kumpata sonara huyu nilikaribia kuuziwa jiwe lisilo almasi. Katika duka moja la mji mwingine, muuzaji alibonyeza juu ya jiwe kifaa chake cha kupima jinsi linavyopitisha joto, taa ikawaka, akaniambia hiyo ndiyo thibitisho. Nilipoomba cheti alikasirika. Baadaye ndipo nilipoelewa: moisanaiti, ambayo hutengenezwa kiwandani kwa silikoni na kaboni, hupitisha joto vizuri kiasi cha kukidanganya kifaa cha namna hiyo. Ukiitazama kwa lenzi ukiinamisha kidogo, kingo za nyuso za nyuma huonekana mbili mbili, jambo ambalo almasi haifanyi. Moisanaiti si jiwe baya. Ubaya ni kuiita jina lisilo lake.

Swali gumu lilikuwa almasi ya ardhini au ya kiwandani. Moyo wangu ulikuwa kusini mwa ziwa letu, huko Mwadui, Shinyanga, nchini Tanzania, ambako John Williamson aligundua mgodi mwaka wa 1940, na ambako mwaka wa 1947 lilipatikana jiwe la waridi la karati 54.5 alilozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa harusi yake. Nilitamani kusema jiwe letu limetoka kwa jirani. Hata hivyo, sonara hakuweza kuniambia mawe yake yalichimbwa wapi, na cheti cha Mpango wa Kimberley, utaratibu wa kimataifa wa kuzuia almasi zinazogharimia vita ulioanza mwaka wa 2003, huandamana na mafungu ya almasi ghafi mipakani, si na pete dukani. Almasi ya kiwandani ni kaboni ileile, yenye ugumu uleule, na jicho la kawaida haliwezi kuitofautisha. Bei yake iko chini sana, na ukitaka kuiuza baadaye utapata kiasi kidogo mno. Mimi sinunui ili niuze. Tena wazee wa kwao mpenzi wangu, Kakamega, watakaoniketisha siku ya mahari wataniuliza habari za ng'ombe, karati hawatazitaja. Nilichukua ya kiwandani, ya karati 0.7, yenye cheti, na nilimweleza mpenzi wangu hivyo kabla hajanyoosha kidole.

Kuhusu glavu, nilinunua boksi zima kwenye duka la dawa, nikaenda nalo kwa sonara, nikawa najaribisha pete kwenye kidole changu cha mwisho huku wateja wengine wakinitazama kama mtu aliyepotea njia. Zenye kucha ndefu zilichana ya kwanza na ya tatu. Tuliyoichagua haina kucha: ukingo wa dhahabu umelizunguka jiwe lote, nalo limekaa chini, karibu na kidole. Mwanga wa pembeni umepungua kidogo, naukubali.

Almasi hunasa mafuta upesi, na kwetu omena haikosi jikoni, kwa hiyo pete huoshwa kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini. Siku za zamu ya chumba cha upasuaji haivaliwi kabisa. Hubaki ndani ya kikombe cha udongo juu ya kabati, na shemeji ndiye aliyepewa jukumu la kuhakikisha hakuna anayekitilia chai.