Walisema ana jini, nikamtuliza bila kombe

Kaka yangu na mkewe walipoachana, mtoto wao wa miaka saba aliletwa kwangu Makorora, mjini Tanga, akiwa na begi na sifa mbaya. Anapiga wenzake, anatukana, akiambiwa aoge anajibwaga chini. Kila aliyeingia uani alikuja na dawa yake. Jirani mmoja akasema ana jini la baharini, anyweshwe kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani. Mwingine akasema fimbo tu. Mwalimu wake wa tuisheni akanishauri nimlipe: kila akitii, mia mbili.

Hii ya mia mbili naieleza kwa urefu, maana watu bado wanapeana ushauri huo. Siku za mwanzo mtoto aling'ara. Anaoga, anakunja nguo, anakuja kiganja wazi. Kisha bei ikaanza kupanda. "Shangazi, leo kuoga mia tano." Nikikataa analia kidogo kidogo, sauti inapanda, halafu ndoo inapigwa teke na maji yanatapakaa mbele ya wapangaji wenzangu. Ukimpa ile mia tano apate kunyamaza, kesho halii kwanza, anaanzia kwenye ndoo. Kuna siku aligoma bafuni, povu mwili mzima, macho yanamwasha, hajimwagii maji mpaka aone pesa.

Gerald Patterson, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza familia kule Oregon kwa miaka mingi, aliueleza mchezo huu mwaka 1982. Mtoto anapandisha, mzazi naye anapandisha, mpaka mmoja asalimu amri. Ukisalimu wewe, mtoto amejua kelele zinalipa. Ukimzaba kofi akanyamaza, wewe nawe umeona kofi linasaidia, kesho utalirudia kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana fimbo na ile mia mbili naziweka kapu moja.

Pesa nikakata. Nikitaka aoge nasogea karibu, nasema mara moja kwa sauti ya chini, nabaki hapo hapo. Akilia, naendelea kuchambua mchele wangu. Akimaliza namsifu kwa alichofanya hasa: "Leo umeosha mpaka nyuma ya masikio." Jueni kwamba mwanzoni kelele huzidi. Wengi hukata tamaa hapo wakarudi kwenye fimbo, na mchezo unaanza upya.

Lakini Jumapili jioni, akirudi kutoka Muheza kwa mama yake, alikuwa hashikiki. Jumapili moja nikamweka karibu yangu huku nakuna nazi, nikamuuliza mama hajambo, kasema nini. Akanimwagia yote bila kupumua, kama aliyekaririshwa: mwambie baba yako hela ya viatu sijaiona, mwambie yeye ni hivi na vile. Na kaka naye alikuwa anampa majibu ya kurudisha! Tusi lililomfanya aitwe ofisini shuleni lilikuwa lile lile la mama yake, neno kwa neno. Jini gani tena hapo?

Nilipandwa na hasira, sifichi. Nikampigia simu mama yake: "Wifi yangu, ukiwa na neno na kaka, nipe mimi. Mtoto mwacheni." Yeye alikubali. Kaka ndiye aliyekuwa mgumu, ananiambia nisiingilie ya kwake. Nikaenda kwa afisa ustawi wa jamii, wakaitwa wote wawili. Wakakalishwa, wakaandikishana siku za mtoto kwenda Muheza, nani ananunua viatu, nani daftari. Sikudaiwa hata shilingi. Watu wanaiogopa ofisi ile wakidhani ni polisi, na kumbe Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa maafisa hao kazi ya kusimamia maslahi ya mtoto. Nendeni mapema, kabla hamjagombana mpaka mkashindwa kukaa chumba kimoja.

Bado akichokozwa anarusha mkono. Juzi juzi nimeitwa tena shuleni, wamegombea kalamu. Ila matusi yamekwisha, na Jumapili akishuka kwenye basi anauliza tumepika nini. Nauli ya Muheza ni elfu kadhaa kwenda na kurudi; kaka akiwa hana natoa mimi, ananirudishia akipata.