Siku ya Kukata Piti Kijijini Arnol

Arnol ni kijiji cha pwani ya magharibi ya kisiwa cha Lewis, Uskoti. Miti huko ni ya kuhesabu, kwa hiyo tangu enzi za mababu moto umetoka ardhini: piti, mabaki ya mimea yaliyolundikana kinamasini kwa maelfu ya miaka bila kuoza sawasawa. Ndugu zetu wa Burundi na Rwanda nao huichimba. Jumamosi moja ya mwezi Mei nilifuatana na majirani waliokwenda kumkatia mzee mmoja piti zake, na siku hiyo ndipo nilipokielewa kijiji kile.

Ukingo, yaani ukuta wa piti unaokatwa, ulikuwa umeshaandaliwa. Ngozi ya juu, yaani nyasi na mizizi yake, ilikuwa imechunwa kwa sepetu na kulazwa sakafuni mwa handaki la mwaka uliopita, majani yakiangalia juu. Hatua hii hairukwi. Nyasi zikirudishwa hivyo, kinamasi hupona na kondoo hupita. Zikitupwa ovyo, handaki hugeuka dimbwi na kondoo huzama humo.

Chombo chenyewe huitwa tairsgeir kwa Kigaeli, lugha ya asili ya huko. Ni mpini mrefu wa mti wenye kikanyagio pembeni, na chini yake bapa la chuma lenye kisu kilichotoka upande mmoja, kwa hiyo kila ukikanyaga unakata pande mbili kwa mara moja. Hakifanyi kazi na mtu mmoja. Mkataji husimama juu ya ukingo; mwenzake yuko chini handakini, anapokea kipande kabla hakijaanguka na kukilaza juu nyasini. Kipande kina urefu wa karibu dhiraa moja na unene wa inchi nne hivi, kinateleza, ni kizito, maana sehemu kubwa yake ni maji. Mimi niliwekwa chini. “Ilaze, kijana, usiitupe,” mzee aliniambia, kwa sababu kikitua kwa kona kinavunjika, na vikipandana havikauki.

Tabaka la juu ni la kahawia, lenye nyuzinyuzi. Huwaka upesi na kuisha upesi. La chini ni jeusi, laini kama siagi, nalo ndilo linalokesha na moto. Lakini hilo jeusi likipatwa na baridi ya kugandisha likiwa bado bichi, hupasuka na kuwa vumbi. Ndiyo maana hawakati mapema. Wakichelewa nako, wanaukosa upepo mkavu wa Mei na Juni.

Zamani nyumba moja iliweza kumaliza piti 15,000 kwa mwaka. Katika nyumba nyeusi namba 42 (ndivyo zinavyoitwa nyumba za kale za mawe za huko), iliyohifadhiwa hapo Arnol, watu na ng’ombe waliishi chini ya paa moja hadi miaka ya 1960. Moto ulikuwa katikati ya sakafu, bomba la moshi hakuna, na nyasi za paa zilizoiva kwa masizi zilipelekwa shambani kuwa mbolea. Hesabu kama hiyo ya piti haibebwi na familia peke yake. Majirani walikata kwa zamu, ukingo wa huyu leo, wa yule kesho, bila malipo ila chakula. Wanawake walibeba piti kavu kwa matenga mgongoni huku wakifuma soksi njiani. Mzigo wao ulizidi baada ya tarehe 1 Januari 1919, meli Iolaire ilipozama karibu na bandari ya Stornoway ikiwarudisha mabaharia kutoka vitani: wanaume 201 walikufa. Mwaka 1923 meli Metagama ikachukua vijana wapatao 300 kwenda Kanada. Kwangu mimi, kukatiana piti ndiko kulikowashikilia waliobaki.

Mchana tulikula mayai, mkate na chai nyingi, tukarudi kazini hadi jioni. Kipande cha mwisho cha ukingo kiliachwa hadi Jumatatu, kwani Jumapili huko hakuna anayegusa chombo. Baada ya wiki mbili hivi, piti zikishafanya ngozi, huinuliwa na kusimamishwa tatu au nne zikiegemeana, moja juu yao, ili upepo upite kati. Zikikauka hupelekwa nyumbani na kupangwa rundo refu karibu na mlango, za nje zikilazwa mshazari ili mvua iteremke isiingie ndani.