Kuchagua kizinduzi cha kibodi kwenye Linux: anza na orodha, rangi baadaye

Kizinduzi ni kile kidirisha unachokiita kwa vitufe viwili, ukaandika herufi chache za jina la programu, ukabonyeza Enter na kazi ikaanza. Wengi huchagua kwa kutazama picha zake mtandaoni, na picha hazikwambii lolote, maana karibu kila kizinduzi hupakwa rangi upendavyo. Kinachotenganisha dmenu na rofi, au Ulauncher na KRunner, ni maswali mawili: kinasoma orodha ya programu kutoka wapi, na nani kwenye mashine yako ana ruhusa ya kukamata vitufe?

Tuanze na hilo la pili, kwa sababu ndilo linaloondoa nusu ya wagombea. Fungua terminali uandike:

`echo $XDG_SESSION_TYPE`

Utajibiwa `x11` au `wayland`, mifumo miwili ambayo Linux huitumia kuonyesha madirisha na kupokea vitufe. Chini ya X11 programu yoyote inaweza kusikiliza vitufe kutoka popote, kwa hiyo dmenu, rofi, Albert na Ulauncher vyote vitaitika. Wayland ilifunga mlango huo kwa ajili ya usalama: programu iliyo nyuma haiwezi kusikia unachoandika kwenye dirisha jingine. Ndiyo maana mtu husakinisha Ulauncher, akapanga Ctrl+Space ndani ya mipangilio yake, kisha akiwa kwenye kivinjari anabonyeza na hakuna kinachotokea. Kizinduzi chenyewe hakina kasoro. Vitufe inabidi vipangwe kwenye mazingira ya dawati yenyewe: kwenye GNOME ingia Settings, kisha Keyboard, kisha njia za mkato za kujitungia, na kwenye nafasi ya amri uandike `ulauncher-toggle`.

Wayland ina kikwazo kingine kisichotajwa mara nyingi. Vizinduzi kama fuzzel na wofi huchora kidirisha chao kupitia itifaki iitwayo layer-shell, na rofi hufanya vivyo hivyo kuanzia toleo la 2.0 lilipopata Wayland. Mazingira ya Sway, Hyprland na KDE Plasma yanayo. GNOME haina. Ukikiita fuzzel kwenye GNOME ya Wayland kwa vitufe, hutaona kitu. Kiite kutoka terminali, nacho kitakuandikia sababu. Hakuna mpangilio wa kurekebisha hilo, usipoteze jioni yako.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Anayetumia KDE tayari anayo KRunner: Alt+Space au Alt+F2, inafungua programu, inapiga hesabu, inabadili vipimo, inakupeleka kwenye dirisha lililo wazi. Sioni sababu ya kuongeza kingine hapo. Ila kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka, uorodheshaji wa faili unaweza kuifanya iwe nzito. Uzime kwa `balooctl6 disable` (Plasma 5 ni `balooctl disable`) na utafutaji wa programu utabaki vilevile. Wa GNOME ajaribu kwanza kitufe cha Super na kuandika moja kwa moja. Ulauncher aisakinishe akihitaji viongezi vyake. Wa Sway achukue fuzzel. Wa mazingira ya i3 achukue rofi, na kwenye faili la mipangilio abadilishe mstari wa dmenu uwe hivi:

`bindsym $mod+d exec --no-startup-id rofi -show drun`

Sasa orodha. `dmenu_run` husoma PATH, yaani kila amri iliyo kwenye `/usr/bin` na jamaa zake. Ni nyepesi mno na hutokea papo hapo, lakini inakuonyesha amri nyingi usizozihitaji, na inakutaka ujue jina la amri badala ya jina la programu. Rofi ikiitwa kwa `-show run` hufanya hivyohivyo. Ikiitwa kwa `-show drun` husoma faili za `.desktop`, ambazo ndizo zinazobeba jina, picha na maelezo ya programu. Zinakaa `/usr/share/applications` kwa zile za mfumo na `~/.local/share/applications` kwa zako mwenyewe. Flatpak na Snap ni njia nyingine za kusakinisha programu: za Flatpak ziko `/var/lib/flatpak/exports/share/applications`, na za Snap ziko `/var/lib/snapd/desktop/applications`.

Malalamiko mengi ya "programu yangu haionekani" yanatokana na hapo. Ukisakinisha Flatpak kwa mara ya kwanza, saraka yake haijaingia kwenye XDG_DATA_DIRS, yaani orodha ya saraka zinazotafutwa faili hizo, ya kikao kilichokwisha kuanza. Toka kwenye akaunti na uingie tena. AppImage, yaani programu nzima ndani ya faili moja, haina faili la `.desktop` lililosakinishwa, hivyo haitaonekana hadi uiandikie moja. Na kama umeweka amri zako `~/.local/bin` na kuongeza njia hiyo ndani ya `.bashrc`, terminali itaziona lakini kizinduzi hakitaziona, kwa kuwa hakikuanzishwa na bash, ile inayosoma amri zako kwenye terminali. Mstari huo uhamishie `~/.profile`, kisha uingie upya.

Faili la AppImage liwe hivi, ndani ya `~/.local/share/applications/kiolezo.desktop`:

```
[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Kiolezo
Exec=/home/jina/Programu/kiolezo.AppImage
Keywords=picha;michoro;
Terminal=false
```

Kwenye `Exec` andika njia nzima. Alama ya `~` na `$HOME` hazitafsiriwi humo, na hilo ni kosa linaloweza kufanya jina lionekane kwenye orodha lakini lisifungue kitu. AppImage yenyewe lazima iwe imepewa ruhusa kwa `chmod +x`. Ukimaliza, endesha `desktop-file-validate` juu ya faili hilo, itakuonyesha mstari wenye kasoro.

Mstari wa `Keywords` ndio ninaoupenda kuliko yote. Kwa huo unaweza kuiita programu kwa maneno yako: LibreOffice Writer ukaiita kwa kuandika "barua", kikokotoo kwa "hesabu", mipangilio ya sauti kwa "spika". Nakili faili la mfumo kwenda kwako:

`cp /usr/share/applications/libreoffice-writer.desktop ~/.local/share/applications/`

Lenye jina lilelile kwenye saraka yako ndilo litakalosomwa. Lifungue utafute `Keywords=`. Kama mstari upo, ongeza maneno yako humohumo, kila moja likifuatwa na nukta mkato. Usiandike mstari wa pili wenye jina hilo. Kama haupo, uweke chini ya `[Desktop Entry]` juu kabisa. Ukiubandika mwisho wa faili utaangukia ndani ya kundi la `[Desktop Action ...]`, na hapo hakuna atakayeusoma. Anayetumia kompyuta kwa Kiswahili (`sw_TZ` au `sw_KE`) aangalie pia kama kuna `Keywords[sw]=`, kwa sababu huo ndio utakaotangulizwa. Kumbuka vilevile kuwa nakala yako haitafuata masasisho ya lile la asili: amri ya kufungulia ikibadilika siku moja, wewe utabaki na ya zamani.

Rofi hutafuta ndani ya maneno hayo bila kuambiwa. Fuzzel haifanyi hivyo mpaka uiagize. Ndani ya `~/.config/fuzzel/fuzzel.ini`, chini ya `[main]`, weka:

`fields=filename,name,generic,keywords`

Kuhusu namna ya kulinganisha herufi, wengi hukimbilia `matching: "fuzzy"` ya rofi, ambapo herufi zilizotawanyika huhesabika. Mimi napendekeza ubaki na `normal`. Vidole hukariri: "fi" ni kivinjari, "wri" ni barua, unabonyeza Enter kabla jicho halijafika. Fuzzy huleta wageni wengi katikati ya orodha, na siku ukisakinisha programu mpya, herufi zilezile zinafungua kingine. Kwa `normal` unaweza bado kuandika vipande viwili vilivyotenganishwa na nafasi, kwa mpangilio wowote. Anayekerwa na orodha inayojipanga upya kufuata matumizi aongeze `disable-history: true;` kwenye `~/.config/rofi/config.rasi`, na asisahau ile nukta mkato, maana ikikosekana rofi hulalamika kwenye dirisha la kosa.

Vitufe vya kuitia navyo vina wenyewe. Ctrl+Space hutumiwa na VS Code kuleta mapendekezo, na LibreOffice Calc kuchagua safu wima nzima. Super+Space kwenye GNOME hubadili mpangilio wa kibodi. Alt+Space kwenye GNOME hiyohiyo hufungua menyu ya dirisha, menyu ambayo wachache huitumia, hivyo hiyo ndiyo ya kuondolewa:

`gsettings set org.gnome.desktop.wm.keybindings activate-window-menu "[]"`

Rofi, fuzzel na dmenu vina faida moja zaidi ambayo Ulauncher na KRunner havinayo kwa namna hii: hupokea orodha yoyote utakayowapa. Mwalimu au mhasibu mwenye mamia ya PDF anaweza kufunga amri hii kwenye vitufe vyake:

`find ~/Hati -name '*.pdf' | rofi -dmenu -i -p Hati | xargs -r -d '\n' xdg-open`

Hapo `-i` hupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo, `-r` huzuia kufunguliwa kwa kitu ukighairi kwa Esc, na `-d '\n'` ndiyo inayoliacha jina la faili lenye nafasi likiwa zima. Kwenye i3 na Sway mstari mrefu kama huu uuweke ndani ya faili la skripti, uipe ruhusa ya kuendeshwa, kisha vitufe viite skripti hiyo kwa njia yake nzima. Alama za nukuu zikibanana ndani ya `bindsym` amri hukatika katikati.