Kwa baiskeli ya umeme hadi Musoma

Betri ilibaki na taa moja kabla hatujafika Lamadi, na aliyeimaliza ni upepo. Ukishaipita Magu saa za mchana, ziwa linakutumia upepo wake wote ubavuni, na baiskeli ya umeme ikipambana na upepo inakula chaji sawa na kupanda mlima. Ikabidi nisimame kwenye kituo kimoja cha barabarani, wenzangu wa msafara wakaendelea.

Umeme ulikuwa umekatika. Penye genereta palikuwa mahali pamoja tu, saluni ya kiume inayonyoa na kuchaji simu. Simu shilingi 500. Kijana akaipokea betri yangu kwa mikono miwili, akaipima kama mtu anayekadiria uzito wa sato, akasema elfu kumi na tano. Nikamwambia betri hii ni wati-saa 500, nusu uniti, na uniti nzima ya Luku nyumbani haifiki shilingi 400.

“Mama, hii siyo Luku. Hii ni petroli.”

Hapo alikuwa na hoja. Tukakubaliana elfu nane, nikalipa zote, nikakaa kwenye benchi.

Baada ya muda nikaona taa ya chaja imezimika. Kijana alikuwa amechomoa waya wangu akachomeka mashine ya kunyolea, eti genereta haiwezi vyote viwili. Kitini alikaa mzee mwenye shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, mwingine una mvi zake zote. Nilikasirika, nikaanza kudai hela yangu. Mzee akageuka kunitazama. Nikamwamkia. Akaniuliza naenda wapi na lile dude, nikamweleza: tunaendesha kutoka Mwanza hadi Musoma kuchangisha fedha za viti mwendo vya watoto wasioweza kutembea.

“Mrudishie mama waya wake.”

“Mzee, umebaki upande mmoja tu.”

“Nywele zangu haziendi Musoma.”

Akavaa kofia yake, akatoka nje. Pale ukutani alikuwa ameegemeza baiskeli yake ya Phoenix yenye gunia la mpunga, limefungwa kwa mipira ya tyubu. Akainyanyua baiskeli yangu kidogo, akatikisa kichwa kwa uzito wake, akauliza kama inakwenda yenyewe. Nikamwambia hapana, ukiacha kukanyaga na mota inaacha. Betri ilipopata chaji nikampa azunguke uwanjani. Alipokanyaga pedeli mara ya kwanza mota ikamsukuma, akapiga ukelele, watoto wakamkimbilia. Alizunguka mpaka kofia ikaanguka na kichwa cha nusu kikaonekana, wala hakusimama kuiokota.

Nilimwangalia nikamkumbuka baba. Kwetu Kwimba alisomba pamba kwa baiskeli msimu hadi msimu, magunia mawili nyuma, bila kulalamika. Magoti yalipokataa aliacha kabisa, na safari zake zikakoma hapo: mnada, mazishi, kumtembelea dada yake. Akawa mtu wa kuletewa habari. Goti langu la kushoto nalo lilifanyiwa upasuaji, na bila mota nisingeimaliza hata njia ya Magu. Kwa hiyo wale waliosema asubuhi ile kwamba wenye umeme tunabebwa, na kwamba kilomita zetu zisihesabiwe kwenye michango, sikubaliani nao hata kidogo. Mfadhili ameahidi kwa kila kilomita nitakayoendesha. Nimeiendesha, nimetoka jasho, na mtoto anayengoja kiti hana haja ya kujua nilisaidiwa na nini.

Lamadi gesti ilikuwa na bei ya hoteli na maji ya ndoo. Kesho yake tulipita lango la Ndabaka, Serengeti ikiwa kuliani, tukanywa soda Bunda, jioni tukawa Musoma. Njia yote ile sikutumia mota ila kwenye vilima, kwa kuhofia kulipa elfu nane nyingine.

Waandaaji nimeshawaambia: mwakani gari la msafara libebe genereta. Petroli nitachangia.