Mwache, ameshataja mara tatu

Nimeosha vyombo, nimekunja nguo za Nasra, nimeswali isha, na bado neno la Alhamisi linanirudia. Wiki yenyewe ilikuwa nzito: wifi amejifungua mapacha salama, mwenye nyumba ametuletea barua ya kodi mpya, na Baba Nasra ameitwa kwenye ile kazi ya ghala aliyoisubiri tangu kiangazi. Yote hayo nimeyapokea kwa alhamdulillahi, nikaendelea na shughuli zangu. Ila "ni padme, bibi, si peme" limenikaa kooni.

Ama-la mnamjua. Ni yule mzee wangu wa chumba cha mwisho kwenye makao ya wazee ninakofanya kazi, ambaye mchana kutwa hutazama tramu za Queen Street zikipita hapa Parkdale, mtaa wa Toronto ambao watu wanauita Tibet Ndogo. Kwa Kitibeti "ama" ni mama, na "la" inayofuata ni ya heshima. Alitoka Tibet akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, baada ya ghasia za 1959, mwaka ambao Dalai Lama alikimbilia India. Wazazi wake walivunja mawe kwenye barabara za milimani za India, kazi waliyoifanya wakimbizi wengi wa Kitibeti miaka ile, kisha wakapata makazi Bylakuppe, jimbo la Karnataka. Huko akakua, akaolewa, akazaa, mpaka mwanawe alipomleta Kanada.

Uradi wake ni mmoja: Om mani peme hung. Mkono wa kulia anazungusha gurudumu dogo la sala, daima kufuata mwendo wa saa, na ndani ya gurudumu kuna karatasi iliyosokotwa yenye maneno hayohayo yaliyoandikwa tena na tena. Mkono wa kushoto ana tasbihi ya punje 108. Yangu ina 99. Siku nyingine namchana nywele huku kila mmoja anavuta yake kimoyomoyo. Mimi na dini yangu, yeye na dini yake, na chumba kimetulia kabisa.

Sasa Alhamisi. Kuna kijana anakuja kujitolea, anawafundisha wazee wetu tafakuri: kuketi, kufumba macho, kufuata pumzi. Safari hii akaandika ubaoni silabi sita, akasema leo tutatumia mantra ya Wabudha. Ama-la aliposikia uradi wake unatajwa ukumbini, akaniomba kwa mkono nimsogeze mbele. Nikamsogeza. Akatamka kwa sauti, kama anavyotamka kila alfajiri. Kijana akainama, akatabasamu, akamwambia, "Ni padme, bibi, si peme. Pad-me. Na mwisho ni hum." Akarudia yote taratibu, mara tatu, wazee wote wakitazama.

Hakumfokea. Alikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo inayonichoma zaidi, maana mtu akifoka unajua pa kumshika.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ama-la akanishika kifundo cha mkono, akasema kitu kwa Kitibeti. Mwenzangu wa zamu, ambaye naye ni wa Bylakuppe na huniita acha, yaani dada mkubwa, akanitafsiria sikioni: "Anasema, mwache. Ameshataja mara tatu. Fikiria ni viumbe wangapi wamefaidika."

Tangu hapo nalipindua neno hilo usiku na mchana. Mwache, ameshataja mara tatu. Nalisikia ninapopanda tramu, nalisikia ninapomfunga Nasra viatu. Alikuwa anamstahi kijana? Alikuwa ananituliza mimi? Nilivyomtazama usoni, sikuona hata chembe ya kuumia. Alifurahi kweli. Kwake yeye mtu alikuwa amekuja, akataja uradi mara tatu mbele ya watu, na hilo lilikuwa jambo jema lililotokea siku ile.

Mimi si yeye. Mimi nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani, mama wa baba, niliyewahi kumwandika hapa. Baada ya alfajiri alikuwa akivuta uradi kwa sauti, sisi wajukuu tumelala miguuni pake, hata usingizi wetu ulikuwa na ile sauti ndani yake. Kisha ndugu mmoja akarudi kutoka masomoni, akamwambia mbele ya wageni kwamba makharija yake, yaani namna anavyotoa herufi za Kiarabu, hayako sawa. Bibi hakujibu. Toka siku ile akawa anatikisa midomo tu, mpaka anakufa. Najua matamshi yana uzito kwetu, ustadhi alinisahihisha herufi kwa herufi na mimi namsahihisha Nasra. Lakini Nasra ana miaka saba. Mzee aliyevushwa mipaka akiwa mgongoni, ambaye uradi wake ndio mali pekee ambayo hakuna aliyeweza kumnyang'anya, anasahihishwaje hadharani kwa ubao na kalamu?

Na tena, Kitibeti hakikuharibu kitu. Maneno ni ya Kisanskriti, yalipanda milima kutoka India pamoja na vitabu vya dini. Watibeti wanaandika padme kamili, d yake ipo, ila wanaisoma peme. Wachina wanasema bami.

Ijumaa wakati wa chai nilimkalia mwenzangu nimuulize maana. Niliwahi kusoma mahali kwamba ni "kito ndani ya yungiyungi", na kijana naye alisema hivyo. Akaniambia hiyo imeenea sana Ulaya na Marekani, lakini wataalamu wengi wa Kisanskriti wanaona hapo katikati ni mwito, mtu anaitwa kwa jina: ewe mwenye kito na yungiyungi. Anayeitwa ni Avalokiteshvara, ambaye wao humwita Chenrezig, bodhisatva wa huruma, yaani mtakatifu aliyeapa kuwasaidia viumbe wote. Uradi wake umo kwenye kitabu cha Karandavyuha, cha karne ya 4 au ya 5 hivi. Dalai Lama anaufundisha kwa njia nyingine: kito ni huruma, ua ni hekima, na silabi ya mwisho inasema viwili hivyo havitengani. Mama yake mwenzangu alimfundisha kwa vidole: silabi sita kwa makundi sita ya viumbe. Miungu, asura (nusu-miungu) wenye wivu, watu, wanyama, mizuka yenye njaa, na walio motoni. Kila silabi inakwenda kwa wenyewe. Hata miungu inaombewa!

Kisha akanisimulia kisa cha Chenrezig. Aliapa kuwatoa viumbe wote kwenye mateso. Akafanya kazi, akafanya kazi, siku moja akageuka kutazama, akakuta waliobaki hawana idadi. Kichwa chake kikapasuka vipande kwa uchungu. Budha Amitabha akaviokota, akamtengenezea vichwa 11 na mikono 1,000, kila kiganja kikiwa na jicho.

Nilifurahi jamani, sijui niwaelezeje. Nilimaliza zamu nikiwa mwepesi. Sisi tunaofanya kazi hii, ukimgeuza huyu kitandani yule anaita chooni, na wa tatu analia anamtaka mume aliyekwishafariki. Sasa nimesikia kwamba mahali fulani duniani watu wamemchora mwenye huruma akiwa na viganja vinavyoona. Kumbe ndiyo maana Ama-la hutazama tramu huku anazungusha. Nilidhani anaangalia magari. Mwenzangu anasema anawaombea abiria.

Kijana atarudi Alhamisi ijayo na Ama-la ameshaniambia nimweke mstari wa mbele tena. Nitamweka. Nitasimama nyuma ya kiti chake.

Mama hapokei simu tangu juzi. Jirani anasema kwao Chumbageni, Tanga, umeme umekatika na chaji zimeisha kwa kila mtu, lakini mama ana ile simu ndogo ya tochi ambayo chaji yake hukaa wiki nzima, na vidonge vya presha vya mwezi huu nilipanga avichukue Jumatano. Nimemtumia Hamisi nauli ya bodaboda apite kabla ya adhuhuri. Hapa ni saa sita kasoro usiku, Tanga kumeshakucha, na ujumbe wangu bado haujasomwa.