Jicho la kushoto ndilo lililonichagulia bunduki

Mara ya mwisho kushika bunduki kabla sijaja Marekani ilikuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kwetu Tanzania, kwa mujibu wa sheria, mwaka 2014. Tulilala kifudifudi mchangani, kila mmoja na SMG na risasi zake chache za kulenga shabaha. Mimi ni mashoto. Bibi alinikomesha kula kwa mkono huo nikiwa mdogo, na shuleni nikakomeshwa kuandikia, kwa hiyo nilipoona wenzangu wote wameweka kitako begani kulia, nami nikaweka kulia. Kwenye ubao wangu haikuonekana tundu hata moja. Afande aliutazama, akanitazama, akasema: "Wewe utatufaa jikoni."

Miaka tisa baadaye, nikiwa Columbus, Ohio, mzee mmoja tunayefanya naye kazi ghalani aliniuliza kama ningependa kwenda naye Appleseed. Ni mafunzo ya siku mbili ya kulenga shabaha yanayoendeshwa na watu wa kujitolea nchi nzima, na katikati ya somo wanakusimulia habari za vita vya uhuru wa Marekani vilivyoanza mwaka 1775. Mnalenga kutoka mita 25. Kwenye karatasi kuna vivuli vilivyopunguzwa ukubwa kuiga umbali wa yadi 100 hadi 400: risasi 10 umesimama, 10 umekaa au umepiga goti, 10 umelala kwa haraka, na 10 za mwisho umelala bila papara, hizi zikihesabiwa mara mbili. Jumla ni alama 250, na ukifika 210 wanakupa kiraka cha kushonea kwenye koti. Asubuhi ya kwanza, na bunduki ya kuazima, nilipata 97.

Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye kofia ya majani, alinitoa kwenye mstari. Akaniambia ninyooshe mikono yote miwili, niunganishe viganja hadi kibaki kitundu kidogo katikati, nitazame nguzo ya mbali kupitia hapo. Halafu nifumbe jicho la kushoto. Nguzo ikatoweka. Nikalifumbua, nikafumba la kulia. Nguzo ipo, imesimama palepale. Kumbe jicho langu kuu ni la kushoto, na maisha yangu yote nilikuwa nikiweka bunduki upande wa jicho lisilotawala. Mchana nikahamia bega la kushoto, nikapata 142. Ilichukua nusu dakika kunieleza hilo, nilimkumbuka afande.

Njiani kurudi nilishaamua kununua ya kwangu, na ya .22, yaani yenye tundu la mtutu la inchi 0.22 hivi, si kubwa zaidi. Risasi ya .22 Long Rifle ipo tangu 1887 na ujenzi wake ni tofauti kidogo na risasi tulizozoea kuziona jeshini. Haina fataki katikati ya kitako cha ganda. Kemikali ya kuwashia imezungushwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na kipini cha bunduki huuponda ukingo huo ili baruti iwake. Ndiyo maana ganda lake ni jembamba, halijazwi tena baada ya kutumika, na linatengenezwa kwa bei rahisi. Wakati naandika, ukitafuta vizuri unapata risasi moja chini ya senti 10 za dola, wakati ya .223, yenye nguvu zaidi, ni mara kadhaa ya hapo. Haipigi bega wala haikuzibui masikio kama kubwa, kwa hiyo hujifunzi kuiogopa. Mtu anayeanza na bunduki nzito hufumba macho kabla haijalia, na ugonjwa huo hautoki upesi. Ila udogo wake usikudanganye: kichwa chake kinaweza kusafiri zaidi ya maili moja. Nyuma ya shabaha lazima kuwe na tuta la udongo.

Karibu kila niliyemuuliza alinitajia Ruger 10/22. Ni bunduki ya mwaka 1964 inayojikoki yenyewe, magazini yake ya mzunguko inabeba risasi 10, ni nyepesi, na vipuri vyake vinapatikana kila duka. Ndiyo niliyokuwa nimeazima, na sina ubaya nayo. Lakini inatema maganda kulia. Kwa mashoto, uso wako uko kulia kwa kitako, basi maganda yanapita mbele ya pua na chembe za baruti zinakupuliza shavuni. Wapo mashoto wengi wanaoitumia hivyo hivyo bila neno. Sababu yangu ya pili ilikuwa ya tabia: nikipewa bunduki inayojikoki, mimi namiminia. Risasi 10 zinakwisha kabla sijajua ya kwanza imekwenda wapi. Nilitaka kitu cha kunilazimisha kupumua kati ya moja na nyingine, yaani ya bolti, unayokoki kwa mkono kila mara.

Za bolti za upande wa kushoto si nyingi. Nilizoweza kuzishika ni mbili: Savage Mark II, na CZ 457 American kutoka Ucheki. Savage ilikuwa nafuu zaidi, na triga yake nilirekebisha mvuto mwenyewe hapo hapo kaunta. CZ ilikuwa ghali, na duka halikuwa nayo. Nilisubiri wiki tano iagizwe. Nilichofanya nilipozipata zote ni kitu ambacho ningemwambia yeyote afanye. Baada ya muuzaji kunionyesha kwamba haina kitu ndani, nilifumba macho, nikaipandisha begani kama ninavyojisikia, shavu likalala kwenye mti, ndipo nikafumbua. Kwa Savage ilibidi nisogeze shingo kutafuta mahali. Kwa CZ jicho lilikuwa tayari pale linapotakiwa. Nikachukua CZ. Mtu mwenye shingo nyingine atapata jibu jingine. Bolti yake pia huinuka nyuzi 60 tu, hivyo vidole havigongi darubini.

Kuna hesabu ya uzito pia. Camp Perry, ukingoni mwa Ziwa Erie, saa mbili hivi kwa gari kutoka kwangu, ndipo yanapofanyika mashindano makubwa ya kitaifa ya shabaha tangu 1907, na lipo shindano la .22 za kawaida ambalo bunduki pamoja na darubini haitakiwi kuzidi ratili 7.5, kama kilo 3.4. Zile zenye mtutu mnene zinapendeza zikiwa mezani juu ya mifuko ya mchanga, lakini zingine zinavuka hapo, na ukisimama nazo dakika mbili mkono unaanza kutetemeka. Sijashindana bado. Sikutaka tu kujifungia mlango.

Makaratasi. Mimi nina green card, na sheria ya shirikisho inaniruhusu kununua. Mwenye viza isiyo ya uhamiaji amekatazwa, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji, kwa hiyo ndugu zangu wanafunzi msikurupuke. Unajaza fomu 4473, duka linauliza mfumo wa FBI wa kuchunguza rekodi za mnunuzi, unaoitwa NICS, wanasubiri jibu. Mimi nilikwama hata kabla ya kufika huko: leseni yangu ya udereva ilikuwa na anwani ya nyumba tuliyohama. Nikarudi nyumbani kuchukua kadi ya usajili wa gari yenye anwani mpya. Swali la uraia nalo jaza kwa utulivu, namba yako ya uhamiaji iwe mkononi.

Nyumbani mke wangu alikuwa na swali moja. "Baba watoto, na hilo libunduki litalala wapi?" Nilikuwa na majibu marefu. Akayakata: sefu iingie ndani kwanza, ifungwe kwenye zege la ghorofa ya chini, risasi zikae kwenye sanduku lingine lenye kufuli lake. Sefu ikaingia Jumamosi, bunduki ikaja Jumanne.

Kosa lililonigharimu lilikuwa dogo na la kijinga. CZ 457 American haina vilengeo vya chuma juu ya mtutu, lazima uweke darubini, na reli ya CZ ina upana wa milimita 11. Nilinunua pete za kushikia darubini za mtindo wa Weaver, pana zaidi, kwa sababu zilikuwa na punguzo. Zilicheza kama meno ya mzee. Na darubini yenyewe chukua ya .22, iliyopangwa kwa yadi 50 au 60. Niliyochukua mwanzo ilikuwa ya bunduki kubwa, na kwa mita 25 nikitikisa kichwa kidogo tu msalaba wa kulengea unahama juu ya shabaha.

Halafu risasi. Kila mtutu wa .22 una chakula chake, na hakuna atakayekwambia isipokuwa mtutu wenyewe. Nilinunua maboksi matano ya aina tofauti, nikaenda asubuhi ya Novemba yenye ukungu, nikaweka mifuko ya mchanga mezani, na kwa yadi 50 nikapiga karatasi moja kwa kila aina, risasi tano tano. Zile za kasi kubwa, nilizodhani ndizo bora, zilitawanyika upana wa kisosi. Zinatoka mtutuni zikipita kasi ya sauti, kisha njiani zinashuka chini yake, na hapo ndipo zinapoyumba. Boksi lililoandikwa kasi ya kawaida, kama futi 1,070 kwa sekunde, lenye kichwa cha gramu 2.6, liliacha kidonda kimoja ambacho ningekifunika kwa sarafu ya shilingi mia. Nikanunua katoni ya namba hiyo hiyo ya kiwandani. Nanawa mikono kwa maji baridi kabla ya kugusa chakula. Kiswahili hakijatuficha, risasi inayoruka na risasi ile madini ya sumu ni neno moja.

Magazini iliyokuja nayo inabeba tano. Appleseed, kwenye zile hatua za haraka, unatakiwa kuanza na 2 halafu ubadilishe magazini yenye 8. Kwa hiyo ongeza bei ya magazini mbili za 10.

Sasa nina msimu wangu wa pili. Alama yangu kubwa ni 203. Zinazonila ni zile za kukaa: sekunde 55, kuanzia umesimama, risasi 10, na bolti ya mkono. Basi jioni, sefu ikiwa imefunguliwa na risasi zimebaki zimefungiwa upande mwingine, nachukua fisha za ukutani, zile za njano za duka la vifaa vya ujenzi, naziweka chemba badala ya risasi ili kipini kisigonge chuma kitupu. Nakaguliwa chemba na mke wangu kwanza, ndiyo sharti lake. Naelekea ukuta wa zege wa ghorofa ya chini, nakaa kitako, nakoki, nabana triga, nakoki tena. Binti yangu anashika simu na kuhesabu kwa sauti. Juzi alifika 55, mimi nikiwa kwenye ya nane.

"Baba," akasema, "muda umekwisha zamani."